Hamsini Yako ya Bei Nafuu: Uibadilishe au Uendelee Nayo?

Mpiga picha anayeanza kazi Unguja au Pemba mara nyingi ana kamera ya Canon au Nikon ya daraja la chini na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Baada ya harusi chache huongeza ile tunayoiita "hamsini" tu, yaani lenzi ya milimita 50 isiyo na zumu, ya f/1.8 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ya Canon, EF 50mm f/1.8 STM, ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125 za Marekani, na kwa pesa hiyo inafanya kazi kuliko bei yake.

Kisha unaingia Mfunguo Mosi, harusi zinafuatana, na mtu anakunong'oneza kwamba kinachokuangusha ni lenzi. Ukipata ya f/1.4, anasema, mambo yatakuwa mengine. Kabla hujapanda boti kwenda Kariakoo, pitia hatua hizi. Nauweka wazi msimamo wangu mapema: wengi wanaoitaka f/1.4 wanahitaji kitu kingine, ama lenzi pana zaidi ama flashi. Wapo wachache wanaoihitaji kweli, na nitawafikia.

Hatua ya 1: Zikusanye picha zilizokuudhi

Fungua kompyuta, pitia kazi zako za karibuni na utenge picha kama ishirini ambazo hukuwapa wateja, au uliwapa huku unaona haya. Kwa kila moja tazama namba zilizohifadhiwa ndani ya picha: kasi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo kamera ilipokea mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na namba ya f. Halafu ikuze mpaka uone kope za mtu.

Kama ukuta wa nyuma umetulia lakini mikono ya wapigaji dufu imevutika, huo ni mwendo. Kasi ya shata ilikuwa ndogo, na lenzi haina kosa. Kwa watu wanaotembea au kucheza usishuke chini ya 1/125, na kwenye ngoma iliyochangamka panda mpaka 1/250.

Kama sikio limekatika vizuri, yaani linaonekana kwa ukali, na jicho lina ukungu, hiyo ni fokasi. Ama ilitua mahali si pake, ama wewe au mtu mwenyewe alisogea baada ya kufokasi.

Kama picha nzima ni laini, hakuna hata sehemu moja iliyokatika, hapo ndipo lenzi inapoanza kushukiwa. Lakini bado mapema, ngoja hatua inayofuata.

Kama picha imekatika ila imejaa chembechembe kama mchanga, mwanga ulikuwa haba na ISO imepanda. Na kama nyuma ya biharusi kuna viti vya plastiki, feni na mtoto anakula maandazi, hilo ni suala la mahali uliposimama. Hakuna f itakayomfuta yule mtoto.

Hesabu kila kundi lina picha ngapi. Ukigundua kuwa nyingi ulizipiga kwa f/4 au f/5.6, basi hata hiyo 1.8 uliyonayo hujaitumia sawasawa, na huna sababu ya kununua tundu kubwa zaidi.

Hatua ya 2: Ivue filta, isafishe lenzi

Filta za bei rahisi za kulinda kioo zimeharibu sifa za lenzi nyingi zisizo na kosa. Nenda Forodhani usiku, balbu za wauza urojo na mishkaki zikiwa zimewaka, upige picha moja ukiwa na filta na nyingine bila filta. Ukiona kwenye ile ya kwanza vivuli vya balbu vya kijani vinaelea angani, na kwenye ya pili havipo, umeshaokoa pesa.

Kisha kagua kioo chenyewe. Upepo wa bahari unaleta ukungu wa chumvi usioonekana mpaka uumulike kwa tochi. Ondoa vumbi kwanza kwa kipulizio, ndipo upanguse kwa kitambaa laini cha lenzi kilicholoweshwa kidogo dawa yake. Pindo la kanzu halifai, linakwaruza. Na kama unatoka kwenye chumba cha hoteli chenye kiyoyozi kwenda kwenye jua la nje, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje. Ule mvuke unaotanda kwenye kioo hutanda vilevile kwenye lenzi ya dola elfu moja.

Hatua ya 3: Ipime kwa gazeti

Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kivulini lakini penye mwanga wa kutosha. Weka kamera kwenye tripodi, umbali wa mita mbili, ikilielekea gazeti moja kwa moja bila kuinama. Tumia saa ya kuhesabu sekunde ili mkono usiiguse kamera.

Piga kwanza ukifokasi kupitia skrini ya nyuma: f/1.8, f/2, f/2.8 na f/4, picha kadhaa kila moja. Halafu rudia yote ukifokasi kupitia kitundu cha kuchungulia. Kabla ya kila picha vuruga fokasi, ili kamera ilazimike kuitafuta upya.

Matokeo yake yanasomeka hivi. Ikiwa za skrini zimekatika na za kitundu hazijakatika, lenzi ni nzima. Kamera na lenzi hazijapatana kwenye fokasi. Canon 6D, 70D na 80D zina sehemu ya kurekebisha jambo hilo kwenye menyu, na Nikon D7100 na D7200 pia. Canon ndogo kama 1300D, 2000D na 4000D hazina. Ukiwa na hizo, kwa picha muhimu za watu waliotulia tumia skrini, au mpelekee fundi anayejua. Kumbuka pia kuwa ukiunganisha f/1.4 na kamera isiyopatana nayo, kosa lilelile litaonekana zaidi, kwa sababu eneo linalokatika ni jembamba zaidi.

Ikiwa zote ni laini kwa f/1.8 lakini zinakatika vizuri kwa f/2.8, hiyo ndiyo tabia ya hamsini za bei nafuu. Ikiwa upande wa kushoto umekatika na wa kulia haujakatika hata kwa f/4, kioo kimoja ndani kimehama, pengine lenzi iliwahi kuanguka. Hapo kweli unahitaji nyingine, ila hata nyingine ya bei ileile inatosha.

Kuna jambo moja la kwetu hapa ambalo gazeti halitakuonesha. Fokasi ya otomatiki hushika penye tofauti ya mwanga na giza, na buibui jeusi kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu halina tofauti hiyo. Lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma, na utailaumu bure. Lenga ukingo wa mtandio au tarizi ya mkono, na tumia nukta ya fokasi ya katikati. Kwenye 1300D na ndugu zake, kati ya nukta tisa ni hiyo ya katikati tu inayosoma wima na mlalo kwa pamoja.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mwanga unaoununua

Kutoka f/1.8 kwenda f/1.4 unapata mwanga mara 1.65 hivi, yaani theluthi mbili za hatua ya mwanga (hatua moja ni mwanga mara mbili). Kwa lugha ya kazini, picha uliyoipiga kwa ISO 3200 sasa utaipiga kwa ISO 2000, au shata ya 1/80 itapanda mpaka 1/125. Si bure, lakini mteja anayetazama picha kwenye simu hataiona tofauti ya ISO hiyo. Ukienda f/1.2 unapata mara 2.25, na lenzi ya Canon ya f/1.2 kwa kamera hizi ina uzito wa gramu 580, wakati hamsini yako ya STM ni gramu 160. Ishike mkono mmoja toka akdi mpaka usiku wa manane ndipo uamue.

Tena Canon EF 50mm f/1.4 USM, ambayo ndiyo watu wengi huikimbilia, ni ya mwaka 1993. Kwa f/1.4 kamili picha yake ina ulaini na mng'ao fulani kama wa ukungu. Wapo wanaoupenda. Ila wengi huishia kuifunga mpaka f/2 ili ikatike vizuri, na kwa f/2 hamsini yako ya bei nafuu nayo imeshaanza kukatika.

Wanaopiga watalii ufukweni wao hawana hata haja ya hesabu hiyo. Jua la mchana la Paje au Jambiani, kwa ISO 100 na f/1.8, linadai shata ya 1/8000 hivi. 1300D inaishia 1/4000, na 6D nayo ni hivyohivyo. Maana yake hata hiyo 1.8 huwezi kuifungua yote bila picha kuungua, seuze 1.4. Nunua filta nyeusi ya kupunguza mwanga, au piga mapema asubuhi na baada ya alasiri kama wanavyofanya wenye akili zao. Ile michirizi ya zambarau inayotokea kwenye ukingo wa kanzu nyeupe dhidi ya anga kali hupungua sana ukifunga mpaka f/2.8, na inayobaki hufutwa na programu ya kusafishia picha.

Hatua ya 5: Na ukungu wa nyuma?

Hiki ndicho hasa kinachowavuta watu. Kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha; kamera za daraja la chini zina ndogo), mtu akiwa mita mbili mbele yako, f/1.8 inakupa eneo linalokatika la kadiri ya sentimita 11. f/1.4 inakupa kama 8. Akiwa mita moja ni sentimita mbili na nusu dhidi ya mbili. Mtoe biharusi mita tatu mbali na ukuta uone: nyuma itafifia kuliko lenzi yoyote ya f/1.4 itakavyofifisha mtu aliyeegemea ukuta.

Kwa picha za karibu, ile ya bei ghali inashindwa na ya bei nafuu. Chukua mikono ya biharusi yenye hina na piko, picha ambayo kila mpambaji anaidai. Hamsini ya STM inakaribia mpaka sentimita 35, ya f/1.4 USM inaishia 45. Ua moja la piko kwenye kidole litajaa zaidi kwenye picha ya ile rahisi. Na ukiwa karibu kiasi hicho kwa f/1.8, kinachokatika hakifiki hata milimita mbili: ncha ya ua imeonekana, shina limepotea. Wapiga picha wazuri wa hina hufunga mpaka f/8, wanamsogeza biharusi dirishani, na kumwomba aulaze mkono juu ya mto.

Hatua ya 6: Pima vyumba unavyofanyia kazi

Hapa kaa kidogo, maana hapa ndipo jibu la wengi lilipo.

Canon ya sensa ndogo inaifanya hamsini ione kama lenzi ya 80. Kumpiga biharusi amesimama, na nafasi kidogo juu na chini, unahitaji fremu ya mita mbili. Kwa hamsini lazima urudi nyuma mita nne na nusu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Vyumba ni virefu lakini vyembamba. Ukiondoa kitanda, kabati, mpambaji, somo na mashangazi wawili, hiyo mita nne na nusu utaipata wapi? Utajikuta mgongo uko ukutani, unampiga kuanzia kiunoni kwenda juu siku nzima, kisha unasema picha zako "hazina maisha".

Lenzi ya 35 inaipata fremu hiyohiyo kwa mita tatu na kidogo, ya 24 kwa mita mbili na robo hivi. Kwa Canon ndogo ipo EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014, nyembamba kama kifuniko, gramu 125. Kwa Nikon ndogo ipo AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009. Moja kati ya hizo, ikikaa pamoja na hamsini yako, itakubadilishia albamu nzima kuliko f/1.4. Angalizo: hiyo 24 ya EF-S haiingii kwenye kamera ya fulu fremu, yaani yenye sensa kubwa kama 6D. Kama unapanga kuhamia 6D mwakani, iache.

Na kuhama huko nako ni kuboresha hamsini yako bila kuigusa. Sensa ya fulu fremu ina eneo la zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ndogo ya Canon. Hamsini ileile ya dola 125 itaona kama hamsini halisi, mita nne na nusu zitashuka kuwa karibu mita tatu, na chembechembe za gizani zitapungua kuliko ambavyo f/1.4 ingezipunguza. Nukta ya katikati ya 6D nayo hushika fokasi kwenye giza ambalo 1300D inakata tamaa. Kabla ya kununua lenzi mpya, ulizia bei ya 6D iliyotumika.

Hatua ya 7: Flashi, lakini si usoni

Kama kundi lako kubwa katika Hatua ya 1 lilikuwa la chembechembe, flashi ya kugeuza kichwa itakusaidia kuliko lenzi. Wenzetu wa nchi nyingine hufundishwa kuirushia darini. Kwenye nyumba za zamani dari ni juu sana, tena ni boriti zilizokwisha kuwa nyeusi, mwanga unaopanda haurudi. Rushia ukuta wa chokaa ulio pembeni yako. Mweupe, mpana, unarudisha mwanga laini kama wa dirisha. Kumbi mpya zina dari nyeupe ya chini, huko irushie juu.

Zile taa za zambarau na buluu za jukwaani hazitibiwi na lenzi yoyote. Uso wa biharusi utakuwa zambarau kwa f/1.2 kama ulivyo kwa f/1.8. Zungumza na mwenye taa kabla shughuli haijaanza, kwa adabu na mapema.

Pasiporuhusiwa flashi, kama kwenye maulidi yanayosomwa msikitini au nyumba ambayo mwenyewe amekataa, basi hapo ndipo tundu kubwa lina kazi yake.

Hatua ya 8: Nani anunue

Nunua kama hamsini yako ni ile ya zamani, EF 50mm f/1.8 II. Ile ina shingo ya plastiki, vipande vitano vya tundu vinavyofanya taa za nyuma zionekane kama pembe tano, na mota inayolia kama mbu. Lakini panda kwenda STM tu, yenye shingo ya chuma na vipande saba. Huhitaji 1.4.

Nunua kama una Nikon ya mfululizo wa D3000 au D5000 na uliuziwa AF 50mm f/1.8D. Kamera hizo hazina mota ndani, kwa hiyo lenzi hiyo hutaifokasi ila kwa mkono. Tafuta AF-S 50mm f/1.8G ya mwaka 2011.

Nunua ya 1.4 kama kazi yako kubwa ni jukwaa: taarabu, au tamasha usiku ndani ya Ngome Kongwe, ambako flashi haifai na zile theluthi mbili za hatua ya mwanga ndizo tofauti ya mkono wa mpiga kanuni (ala ya nyuzi) kuonekana au kuvutika. Na kama una fulu fremu tayari, una lenzi pana tayari, una flashi tayari, na picha zako za kukasirisha bado ni za gizani, basi umeshatimiza masharti. Sigma 50mm f/1.4 Art ya mwaka 2014 inakatika vizuri tangu f/1.4 kamili, jambo ambalo ile ya Canon haifanyi. Ubaya wake ni gramu 815.

Hatua ya 9: Azima kwanza, kisha kagua

Mwombe mwenzako akuazime kwa shughuli moja, au umlipe kitu. Piga na zote mbili, wapelekee wateja picha bila kuwaambia ipi ni ipi, usikilize wanazichagua zipi.

Ukinunua iliyotumika, nenda na kamera yako na tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma na utazame kutoka mbele. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu. Unyevu wa kwetu, hasa masika, huikuza haraka, na kuvu hula kile kipako cha kioo, kwa hiyo hata kikisafishwa alama hubaki. Iache, hata kwa bei ya kutupa. Vipande vya tundu viwe vikavu, bila mafuta. Kwa Canon f/1.4 USM zungusha fokasi toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mkono na kwa otomatiki. Ikikwama au kukwaruza mahali, iliwahi kugongwa mbele, na mota yake ndogo inajulikana kwa udhaifu huo. Usidanganywe pia kuwa inazuia mchanga na maji. Haizuii, kama yako ya sasa isivyozuia.

Ukishafika nayo nyumbani, siku hiyohiyo irudie ile picha ya gazeti ya Hatua ya 3, wakati muuzaji bado anakukumbuka. Iweke kwenye kasha la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vinapochoka. Mkoba wa kitambaa uliofungwa kabatini ndiyo nyumba ya kuvu. Na ile hamsini ya zamani usiiuze haraka. Bei yake ya mtumba ni ndogo, na siku mota ya mpya itakapogoma katikati ya akdi utakuwa na kitu cha kuchomoa mkobani.